Kishikwambi cha Inchi Nane

Mildura, 5 Machi 2017

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mume wangu Folau. Sisi wazima, mikono tu ndiyo imechanika kwa kuchuma zabibu huku ugenini, msimu unaisha na msimamizi anatukimbiza kama kuku. Wewe hali yako? Kifua kinaendeleaje? Na kwaya yako je, besi bado wanasinzia?

Baba, nimechoka na simu. Kila Jumamosi napiga, wewe unasema "Eeh?", mimi narudia, wewe "Eeh?", mpaka salio linaisha hatujaambiana kitu. Nimeamua nikununulie kishikwambi, kile kibao cha kioo unachokigusa kwa kidole. Utasoma habari na hali ya hewa, utaniandikia barua pepe, utasikiliza nyimbo ukiwa nyumbani. Kazi hizo tatu, basi.

Taabu ni kuchagua. Nimekwenda dukani mara nne, muuzaji akiniona sasa anajifanya anapanga maboksi. Kuna cha inchi saba, chepesi, lakini sauti yake ni ya nzi ndani ya chupa. Kuna cha inchi kumi, kioo kizuri, spika mbili, ila kizito na kinakula chaji. Kuna cha inchi nane chenye sehemu ya kuweka laini ya simu. Halafu kuna kimoja cha bei ya chini kabisa, Folau anasema kile ni cha kukatia mboga. Nikichagua hiki moyo unakwenda kwenye kile. Niambie wewe unataka kipi, maana mimi nimekwama.

Mwanao,
Tokilupe


'Uiha, 26 Machi 2017

Tokilupe mwanangu,

Salamu zako zimefika kisiwani na boti ya Jumatano, pamoja na unga. Mimi mzima. Kifua kinanikohoza asubuhi tu, kisha kinanisahau. Besi wanasinzia kama kawaida, na sasa kuna mmoja anakoroma kwa sauti inayoendana na wimbo, kwa hiyo nimemwacha.

Sishangai umekwama. Tangu utoto wako, ukitumwa chumvi unarudi kuuliza chumvi gani. Haya, sikiliza. Kikubwa sikitaki. Kitu kikubwa kikiingia kijijini hapa, kesho kiko ukumbi wa kanisa, keshokutwa kiko kwa mchungaji. Kidogo mno nacho sitaona herufi. Sauti ndiyo naitazama zaidi: nataka nisikie alto na besi kila mmoja na njia yake, si uji. Na mimi hukaa nje, karibu na jiko, kwa hiyo kioo kisizimwe na jua.

Halafu nieleze jambo moja. Nikikosea kugusa, ninaweza kufuta vitu vya watu wengine huko duniani?

Msalimie Folau. Mwambie ale.

Baba yako,
Semisi


Mildura, 17 Aprili 2017

Baba mpendwa,

Natumaini Pasaka imepita salama na sauti hazijakauka. Sisi tumekula nyama ya kopo na viazi, tukajisikia vibaya, tukala tena.

Nimenunua cha inchi nane. Nilikaa nacho barabarani nje ya duka, juani, nikisoma herufi mpaka polisi akaniuliza kama nimepotea. Sauti nimeipima kwa wimbo wa kwaya yetu ya hapa, alto wanasikika. Chaji inadumu kwa saa tisa au kumi. Nimekiwekea laini na bando la miezi mitatu. Nimekufungulia na anwani ya barua pepe, wala huhitaji neno la siri: ukigusa picha ya bahasha tu, barua zote zinafunguka. Na hapana, huwezi kufuta vitu vya watu. Anakuletea mke wa shemasi wetu wa hapa, anasafiri mwezi ujao.

Baba, sasa naomba na nakusihi. Shangazi Lesieli asikione. Najua ni dada yako mkubwa, najua haki yake, akisema tu "kizuri hiki" huwezi kumnyima. Lakini sijasahau cherehani ya mama, Mungu amrehemu, wala yule nguruwe wa madoa tuliyemlisha mwaka mzima. Huyo shangazi ana macho marefu. Hiki ni chako. Kiweke chini ya mto, sikiliza nyimbo akiwa shambani.

Usinikasirikie.

Mwanao,
Tokilupe


Barua pepe, 20 Mei 2017

TOKILUPE. NI MIMI BABA YAKO. HERUFI ZIMEKUWA KUBWA NA SIJUI KUZIRUDISHA. KIMEFIKA. MIMI MZIMA. NIMETUMIA SAA NZIMA KUANDIKA HAYA, CHAI IMEPOA. NIMESIKIA ALTO WENU, WANACHELEWA KUINGIA. ASANTE MWANANGU. NIMELIA KIDOGO, USIMWAMBIE FOLAU.

BABA


Barua pepe, 3 Juni 2017

Baba,

Hujambo? Nimecheka mpaka Folau akaja kuangalia. Kurudisha herufi, gusa ule mshale ulio pembeni kushoto.

Leo nakutumia nyimbo sita. Kabla ya ule wa kwanza nimesema maneno machache, usishtuke ukinisikia. Nina habari nyingine, lakini bado sijawa na uhakika nayo. Nasubiri wiki mbili hivi. Sitaki kusema kitu kikaniponyoka tena.

Mwanao,
Tokilupe


'Uiha, 12 Juni 2017

Tokilupe mwanangu,

Salamu. Mimi mzima, naandika kwa kalamu na utajua kwa nini.

Nilikificha siku ishirini na moja. Nyumba ya dada yangu na yangu zinatazamana, kwa hiyo nilikuwa nasikiliza nyimbo chumbani mlango umefungwa, kama mtoto aliyeiba sukari. Nikila chakula alicholeta yeye, hakishuki vizuri. Jumamosi nilitoka kwenda kutazama moto, nikasahau kukizima. Nikasikia sauti yako: "Baba, sikiliza hizi, nimekuchagulia mwenyewe." Kugeuka, dada yangu amesimama kwenye ngazi na bakuli la magimbi.

Alisikiliza nyimbo zote sita, amesimama vile vile. Kisha akasema, "Semisi, kizuri hiki." Nikakichukua nikampa kwa mikono miwili. Ningefanya nini? Ndiye aliyenibeba mgongoni.

Basi usiandike tena kwa njia ile, maana barua zinakwenda na kibao. Ningekupigia, lakini simu sisikii, na nikimpa mtu anisemee kijiji chote kitajua nimelalamika. Boti imeharibika injini, wanangoja kifaa kutoka mjini Nuku'alofa. Barua hii itaondoka itakapoondoka.

Baba yako,
Semisi


Barua pepe, 24 Juni 2017

Baba yangu mpendwa,

Wiki tatu kimya! Nimejipa moyo kwamba bado unatafuta mshale. U mzima lakini?

Kaa chini. Nina mimba, Baba. Miezi mitano. Wale wawili waliotangulia hawakukaa, unajua, ndiyo maana nilifunga mdomo. Huyu amekaa. Anapiga teke nikikaa, anapiga teke nikisimama. Daktari anasema mwishoni mwa Oktoba.

Nina furaha na nina hofu, na hofu yenyewe naisema kwako peke yako. Shangazi asijue mpaka nizae. Atamwomba mtoto, Baba. Siku ya harusi yangu alisema mbele ya watu, "wa kwanza wangu," na wote wakacheka. Mimi sikucheka. Hana mtoto, na yeye ni yeye, akiomba wewe utasema ndiyo kwa mikono miwili, na mimi nitaonekana nimevunja heshima ya ukoo. Alichukua cherehani, akachukua nguruwe. Mtoto wangu hamchukui. Nazunguka nyumba nikiwaza nitajibu nini, nimekwishajibu mara mia na hajaniuliza bado.

Soma, kisha ufute. Nijibu haraka, Baba, nakuomba.

Mwanao,
Tokilupe


Barua pepe, 26 Juni 2017

Tokilupe,

Baba yako mzima. Mimi naumwa magoti, kama ulikuwa na nia ya kuuliza.

Barua yako imenifikia mimi. Kibao nilipewa na mwenye nacho tarehe kumi, na barua zote zinaingia kwangu. Niligusa bahasha nikidhani ni nyimbo nyingine. Nilisoma Jumamosi, nikangoja Jumapili ipite ndipo nijibu, kwa kuwa nisingependa kukuandikia siku ya Bwana maneno niliyokuwa nayo.

Kwanza cherehani. Mama yako aliumwa miezi minane. Unajua nani alishona nguo kwa cherehani hiyo akaziuza ili boti impeleke hospitali? Muulize baba yako, kama mdomo utamfunguka. Nguruwe aliliwa kwenye matanga ya mama yako. Wewe hukuja, nauli ilikuwa haijapatikana, sikulaumu. Lakini usinihesabie nguruwe.

Pili mtoto. Ndiyo, nilisema, nikacheka na wenzangu, na moyoni sikuwa nacheka. Nilimtaka. Nina miaka sabini na moja, mtu akitaka kitu hata uzeeni ni dhambi? Lakini sijaja kwako na mkono wazi. Wewe umenikatalia kabla sijafungua kinywa, umeniweka pamoja na wezi, na umemfundisha kaka yangu kunificha.

Kibao nilikichukua kwa sababu nilisikia sauti yako. Miaka sita uko huko. Barua zako zote zinaanza Baba, Baba. Nilidhani nikiwa nacho nitakusikia na mimi.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wewe umeficha, na utazaa, Mungu akusaidie. Sikuombi kitu.

Lesieli


Barua pepe, 5 Agosti 2017

Tokilupe mwanangu,

Salamu. Mshale nimeupata.

Juzi dada yangu alikuja, mvua inanyesha. Hakupanda. Aliweka kibao kwenye ngazi, kimefungwa kwenye taulo, mimi nikageuka kando kama inavyotupasa kaka na dada. Akasema, "Semisi, ndani kuna barua yako. Isome ukiwa umekaa." Akaondoka, tena bila mwavuli.

Nimesoma yako, nimesoma na yake. Kwanza nilifurahi, nikazunguka jiko mara mbili, nikaimba. Kisha nikakaa. Aliyoyasema ya cherehani ni kweli tupu. Mama yako alitaka msijue, nami nikanyamaza, nikakuacha unamnung'unikia miaka yote hii. Hilo kosa ni langu na linaniuma.

Isipokuwa siku hiyo, tangu Juni haji tena. Chakula ananiletea mtu mwingine. Kwaya ameacha, alto wamekuwa kondoo wasio na mchungaji. Mimi siwezi kwenda nyumbani kwake kumbembeleza, mimi ni kaka, na kwetu kaka haingii kwa dada yake. Wala sijawahi kuzungumza naye habari za tumbo la mtu, na sitaanza na umri huu. Wewe ndiye uliyemwumiza, wewe ndiye mwenye njia.

Barua yako ya mkono imefika, unasema umemwandikia mara tatu. Ziko kwake, nimeuliza posta. Hajibu. Andika tena.

Baba yako,
Semisi


Mildura, 2 Novemba 2017

Shangazi Lesieli,

Shikamoo yangu ikufikie, na magoti yako yaipokee. Naambiwa umeanza kutembelea fimbo na unaichukia. Kikohozi cha Baba umekisikia kutoka kwako? Yeye hasemi kweli.

Hii ni barua ya nne. Naandika kwa mkono, kwa sababu ile ya Baba niliyoiandika kwa vidole iliandikwa na mtu mwoga. Katika tatu za kwanza nimekuomba radhi, na radhi ile bado naiomba. Lakini nimezisoma nakala zake nikaona bado nazungukazunguka. Leo sizunguki.

Amezaliwa tarehe ishirini na mbili Oktoba, asubuhi. Msichana, kilo tatu na gramu mia nne. Analia kwa sauti ya kwanza, juu kabisa. Ana kichwa cha Baba, Mungu amsaidie.

Shangazi, mtoto sikupi. Nakuambia wewe, wala sipitii kwa mtu. Ukimwomba nitasema hapana, nitalia, na nitasema tena hapana. Hayo ndiyo niliyotakiwa kukuambia tangu mwanzo nikikutazama usoni, badala ya kumwambia Baba akufiche.

Lakini hana jina. Mama yake Folau ameleta majina matatu, mazuri yote, nimeyakataa. Folau ameniuliza mpaka amechoka. Wauguzi waliuliza kila asubuhi, wakaishia kumwandika kwa jina langu na neno "mtoto". Nimewaambia kwetu mama hampi mtoto wake jina, wala baba. Kuna mtu wa kulitoa, na huyo hajasema. Serikali hapa inataka jina kabla ya siku sitini. Leo ni siku ya kumi na moja. Barua hii itakula ishirini, kama boti ni nzima. Sitaandika jingine. Siku ya sitini ikifika nitakwenda ofisini kwao na karatasi tupu, wanitoze faini.

Nilitumia mwaka mzima nikiogopa utaniomba. Sasa ninayeomba ni mimi. Mpe jina, Shangazi. Namnyonyesha, nataka kumwita, na sina la kumwita.

Mwana wa kaka yako,
Tokilupe