Jumamosi Zenye Jua Sisomi

Jumamosi, Igurwa. Mvua imeanza alfajiri, nami nimeamka na furaha ambayo siwezi kumwambia mtu.

Msimu wa kahawa kila mtu hapa kijijini anaombea jua. Mimi naombea mvua, kimya kimya. Jumamosi ndiyo siku ya masomo ya ziada ya hesabu kwa sisi wa kidato cha pili, na ndiyo siku ninayofanya kibarua kwa jirani yetu, Mama Koku. Naanika kahawa yake kwenye turubai, naigeuzageuza mpaka jioni. Kibarua hicho ndicho madaftari yangu, na sabuni na chumvi ya nyumbani, maana naishi na bibi tu. Jua likiwaka, sisomi.

Jovina tunakaa naye dawati moja. Siku hizi kila Jumatatu anacheka na wenzake mambo ya Jumamosi, nami nacheka nao ili nisionekane mjinga. Sijui wanacheka nini. Hesabu nazo zimenipita. Mtihani wa taifa ni mwaka huu, nikifeli narudia darasa.

Leo Mama Koku alifunika kahawa yake, akaniambia kwa huruma, "Waitu mwanangu, jua hakuna. Kimbia ukasome."

Nikakimbia kweli, daftari nimelificha ndani ya sweta.

Darasani hapakuwa na mtu.

Mvua iliwazuia wote. Nikakaa upande wangu wa dawati, nikaanza kunakili hesabu ya Jumamosi iliyopita, iliyofutwa nusu ubaoni. Baadaye mwalimu akaingia, ameloa. Nikamwamkia. Akatazama madawati matupu.

"Siwezi kufundisha mtu mmoja, binti. Rudi nyumbani. Na wewe Jumamosi unatoroka sana, uwe unakuja."

"Sawa, mwalimu."

Nililia njia nzima, na sikukutana na mtu wa kuniuliza kulikoni.

Mbona nilisema sawa? Maneno yote yalikuwa mdomoni. Nikimwambia bibi, ataniambia niache kibarua, halafu tutaishije? Nikimwambia Jovina, darasa zima litajua. Ndiyo maana naandika huku mtandaoni, ambako hakuna anayenijua, kwa simu niliyoazima kwa mama mdogo.

Jumatatu nitakwenda ofisini kabla kengele haijagongwa. Nitasema shikamoo mwalimu, mimi si mtoro, nafanya kazi. Nikiweza kusema hayo tu bila kulia, yatanitosha.