Tuliligombea Jina Lako

Mama Saga,

Wamemchagua Birgitta. Ndiyo, huyo huyo, yule mama mwenye farasi majike wanne wazee, anayekuja mkutanoni na viatu vya zizini na hasemi kitu mpaka aulizwe. Sasa ndiye mwenyekiti wa chama chetu cha wafugaji wa farasi wa mbio. Amekaa kwenye kiti ulichokuwa unakitaka wewe.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kiswidi nimeshasema mengi mno, na hayo niliyoyasema ndiyo yananinyima raha. Kanisani wananiuliza habari, nawaambia salama. Si salama, dada yangu.

Ulipofariki, kamati ya uteuzi ilikuwa imeshakupendekeza. Hata kwenye mazishi watu wa chama walinong'ona, wakiulizana nani atashika nafasi yako. Nilikasirika. Nilikuwa bado nakusubiri unipigie simu Jumamosi asubuhi uniambie, "Mama Elie, vaa koti, Subira ana njaa." Hata sasa Jumamosi naamka na kuitazama simu. Farasi wetu Subira mzima, amenenepa kidogo. Yule mtangazaji wa uwanjani bado anamwita "Sybira", nami simsahihishi tena, maana aliyekuwa akinung'unika juu ya hilo ni wewe.

Baada ya Krismasi mume wako alikuja kwangu Jordbro. Joakim, unavyomjua, alivua viatu mlangoni lakini koti hakulivua. Alikaa jikoni, nikampa chai ya tangawizi kama ulivyomzoesha, akaishika bila kuinywa. Akaniambia atagombea badala yako. Alisema hawezi kukaa kwenye ile nyumba jioni zote bila kuwa na kitu cha kufanya ambacho kilikuwa chako. Nililia, Mama Saga. Nilimwambia tuko pamoja, nitawapigia simu Warundi wenzangu wote wenye hisa za farasi, hata wale ambao hawajawahi kuhudhuria mkutano.

Sikumuuliza angefanya nini akichaguliwa. Nilidhani najua.

Kisha nikasikia kwa watu wa zizini. Wenye maghala wa hapa Jordbro wanautaka uwanja wetu wa mazoezi, ule tulioupigania wewe na mimi miaka yote hii. Chama kikiuuza, kitajenga mahali papya, mbali huko kaskazini ya mji, penye paa na taa na njia laini. Na Joakim anakubali. Wakubwa wenye magari ya kubebea farasi watafika huko bila shida. Lakini mimi, na yule bwana wa Fittja mwenye farasi mmoja, na Birgitta na wazee wake, tutafikaje? Nilimpigia simu. Akasema tutazungumza, nisimuudhi sasa. Hatukuzungumza.

Mkutano mkuu ulifanyika theluji ilipoanza kuyeyuka. Ukumbi ule ule juu ya uwanja wa mbio, kahawa kwenye chupa, mikate ya mdalasini, makoti yamerundikwa nyuma. Binti yako Saga alikaa mstari wa mbele, amevaa ile skafu yako ya kijani. Nilikuwa nimeketi nyuma yake.

Birgitta alijieleza kwanza. Alisema uwanja usiuzwe, akasema anaogopa kusema mbele ya watu, akakaa. Basi.

Joakim alisema vizuri, sitamnyima haki yake. Alieleza jinsi ulivyofika nchi hii kutoka Iringa kusomea udaktari wa mifugo, na jinsi ulivyokuwa ukienda kwa wafugaji wadogo siku za mapumziko, wakikulipa kwa mayai. Watu walijifuta macho. Kisha akasema zizi jipya litapewa jina lako, litaandikwa juu ya mlango, kila farasi atakayeingia apite chini yake. Nikaona mabega ya Saga yakitetemeka. Halafu akasema, "Hivi ndivyo Imelda alivyotaka. Aliniambia mwenyewe."

Mama Saga, wewe ndiye uliyeniambia kiangazi kile, tukirudi kwenye gari, Subira nyuma anapiga mateke: "Siku uwanja huu ukiuzwa, mimi na farasi tumeachana." Nilikusikia. Hukuwa unatania. Ulishika usukani kwa nguvu ukaniambia wanaotaka mahali pazuri zaidi huwa hawaulizi ni nani atakayeshindwa kufika huko.

Basi nilisimama. Sikuwa nimepanga. Kiswidi changu kikawa kama cha mwaka wangu wa kwanza hapa. Nikasema, "Imelda hakutaka hivyo. Nilikuwa naye. Alisema uwanja usiuzwe."

Joakim alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na jirani yake mwenyewe. Mwenye kuongoza mkutano akashukuru, akasema sasa tupige kura za siri.

Tofauti haikuwa kubwa. Wanachama kadhaa walinishika mkono mlangoni wakaniambia nimefanya jambo la ujasiri. Saga alipita mbele yangu. Nilimwita, "Saga, mwanangu." Akasema kwa Kiswidi, bila kugeuka, kwamba nimemwondolea mama yake juu ya ule mlango wa zizi. Mimi niliyembeba siku alipobatizwa.

Wiki zikapita. Simu zangu hazikujibiwa. Mwishowe nilipanda treni nikaenda kwenu, nikabisha. Joakim alifungua. Nyumba ina harufu yako bado, ile ya mafuta ya nazi na dawa ya farasi. Nilimwambia sikuja kuomba msamaha kwa kura yangu, nimekuja kwa sababu namkumbuka mkewe na sina wa kumkumbuka naye.

Alinikaribisha jikoni. Kisha akaniambia mlichozungumza hospitalini. Kwamba siku moja, baada ya daktari kutoka, ulimwambia umechoka kupigania ule uwanja, wauze tu, wajenge pazuri, watu wapumzike. Kwamba ulimshika kidole kimoja tu kwa sababu mkono ulikuwa na sindano. Hakuwa anadanganya. Nimeishi na waongo, nawajua.

"Wewe ulikuwa naye kwenye gari," akaniambia. "Mimi nilikuwa naye kitandani. Sote tulimsikia."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimesimama treni nzima, ingawa viti vilikuwepo.

Tangu siku hiyo sipati usingizi mzuri. Yapi yalikuwa maneno yako? Yale uliyoyasema ukiwa mzima, mwenye hasira, au yale uliyoyasema ukiwa umechoka na maumivu? Au ulibadili mawazo kweli, kama binadamu yeyote, nami nikakuzuia usibadilike kwa sababu nilikuwa nakuhitaji ubaki vile nilivyokujua? Ungekuwepo ningekuuliza, ungenijibu kwa mkato, tungeendelea na kazi. Sasa naendelea kuuliza peke yangu.

Jumamosi iliyopita Saga alikuja zizini. Hakunisalimu. Alichukua brashi akaanza kumsugua Subira shingoni, taratibu, kama ulivyomfundisha. Nilibaki upande wa pili wa farasi, nami nikisugua. Nilijua alikuwepo hospitalini siku zile. Swali lilikuwa mdomoni kabisa: wewe ulisikia nini? Nikalimeza. Hawezi kuwa shahidi wetu, mtoto huyu. Tumemchosha vya kutosha, baba yake na mimi. Nilimwambia tu chai iko kwenye chupa. Alikunywa kikombe kimoja, akaondoka, akaacha mlango wazi ili Subira aone nje.

Birgitta ameniomba niingie kwenye uongozi wa chama. Nimekubali. Wenye maghala watarudi, na Joakim naye atarudi, ana haki. Nitasema uwanja usiuzwe, nami nitasema hivyo kwa nguvu. Lakini nakuahidi, Mama Saga, sitasema tena mbele ya watu kwamba wewe ulitaka hivi au vile. Nitasema: mimi, Spès, wa Jordbro, nataka hivi. Nikishindwa, nishindwe mimi. Wewe wakuache upumzike. Ukitaka kuwa na mawazo mawili, basi yote mawili yawe yako.

Lala salama, dada yangu. Nakupenda, na bado nakukasirikia kidogo kwa kuondoka bila kuniambia lolote.

Mama Elie