Zamu ya Shamba la Maua

Jumatatu, 2 Septemba 1996

Nimepuliza dawa tangu ukungu haujainuka. Bomba mgongoni, kitambaa puani. Ndani ya banda la nailoni hakuna upepo. Mawaridi yamesimama tu, mekundu, kimya, kama watu wanaosubiri kuitwa majina. Nikitoka nje mlima haupo. Halafu ukungu unafunguka kidogo na kilele cha Meru kinaonekana kinaelea peke yake, bila miguu.

Nimerudi chumbani. Mfereji umekauka tena. Hapa nilipopanga kwa Mama Nderingo, chini ya Nkoaranga, maji hupita nyuma ya ukuta wangu. Kwetu Manyoni maji hayana sauti. Unachimba mchanga wa mto, unachuchumaa, yanakuja polepole kama jasho. Hapa yalikuwa yanapita yakicheka siku nzima bila mtu kuyaomba. Sasa mchana hakuna kitu. Shamba letu la maua linayameza yote kule juu kwenye banio, yanapoingilia mferejini. Yakirudi yana povu na yananuka stoo ya dawa.

Nimechoka. Mabega yanawaka.

Alhamisi, 5 Septemba

Ng'ombe wa Mama Nderingo ametupa mimba. Mama anasema ni maji. Hakunisalimia asubuhi. Ni mjane, ng'ombe huyu ndiye mume wake, yeye mwenyewe husema hivyo akicheka. Leo hakucheka.

Vijana wamefunga barabara ya shamba kwa magogo ya migomba. Pikapu ya kupeleka maua uwanja wa ndege imekaa pale hadi jua kali. Maua yamefunguka ndani ya maboksi. Hayauziki tena.

Mmoja wao ananijua. Akaniuliza mbele ya wote, "We Mgogo, unalala kwetu, unakula kwa meneja Mkenya. Tukikupasua katikati, kila upande uchukue kipi?"

Nikamwambia wachukue miguu, imechoka zaidi. Wakacheka wakanipisha. Lakini swali limenifuata kazini. Kiwanda cha umma nilichokuwa nafanya kazi Morogoro kilifungwa. Mwekezaji akaja, akakiangalia, akaondoka. Shamba hili likifungwa sina pa kwenda. Mfereji ukifa, sitakuwa na uso wa kuishi nyumba hii. Nataka vyote viwili. Nimeandika ili niione aibu yake. Sioni aibu.

Jumapili, 8 Septemba

Baada ya ibada wazee wa mfereji walisimama nje ya kanisa. Mzee Kaaya ndiye mkubwa wao. Yeye ndiye anayegawa zamu, kila kaya siku yake na saa yake. Alisema watakwenda mahakamani. Shamba lifungwe. Watu wakaitikia kwa sauti nzito.

Nililala mchana. Niliota mto wa kwetu. Nachimba mchanga, nachimba, na badala ya maji yanatoka mawaridi, yamelowa.

Jumanne, 10 Septemba

Wakili wa wazee amekuja. Mwanamke wa Kilimanjaro, ofisi yake mjini Arusha. Nilitegemea viatu vya kugonga sakafu. Amekuja na buti za mpira na sketi imeingia tope. Ametembea mfereji wote kutoka kwa Mama hadi kwenye banio, akinusa.

Pale kwenye banio alikutana na wakili wa shamba, mwanamume mwembamba mwenye tai. Walisoma pamoja. Wakasalimiana kwa utani, wazee wakanuna. Kwao, wakili wako akicheka na wakili wa adui, ameshakuuza.

Sisi wafanyakazi tulikuwa tunasafisha chujio pale, tukasikia yote. Wakili wa wazee alimwambia Mzee Kaaya, "Kesho naweza kufungua kesi. Hakimu atatoa zuio, shamba lisimame. Au hatatoa, na kesi ilale miaka. Kwa vyovyote, baba, migomba yako haisubiri hukumu."

"Kwa hiyo tuendelee kunywa dawa?"

"Hapana. Tukae nao kwanza. Tukishindwana, faili langu liko tayari. Na wao wanajua liko tayari."

Meneja wetu alikuwa ameshuka garini. Ni Mkenya, mtu wa Nairobi, si mtu mbaya, hulipa kwa wakati. Akasema, "Lakini sisi tuko na kibali ya maji kutoka kwa serikali."

Mzee Kaaya akamgeukia. "Hicho kibali chako kilichimba upande gani?" Babu zake ndio waliochimba, kwa vijiti na majembe ya mti. Meneja akainama kuangalia viatu vyake. Hata mimi sikujua pa kuweka macho.

Jumamosi, 14 Septemba

Siku ya chupa. Ndivyo nitakavyoiita.

Mawakili walikubaliana kwamba maji yapimwe, lakini si na shamba peke yake wala si na kijiji peke yake. Kila chupa ijazwe na watu wawili kwa pamoja. Mzee Kaaya ashike chupa, meneja ashike kizibo. Juu ya shamba. Chini ya stoo ya dawa. Kwa Mama Nderingo. Kisha wote wawili waweke alama ya vidole kwenye nta ya moto inayoziba chupa.

Mimi nilibeba kreti. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi majini, nikawaona wale wawili wameinama kama ndugu wanaomwosha mtoto. Mzee aliungua kidole, meneja akampulizia. Kisha wote wawili wakaona haya.

Wakili alisema majibu yakija hakuna wa kuyakana, kwa sababu kila mmoja ameteka mwenyewe.

Jumatano, 18 Septemba

Kazi. Mvuke ndani ya mabanda. Nyapara anasema kampuni inafikiria kuhamia Naivasha, kule Kenya. Sina hamu ya kula. Mama ameniwekea loshoro nje ya mlango, mahindi na maziwa ya mgando. Hakugonga.

Ijumaa, 27 Septemba

Majibu yametoka. Dawa ipo. Inatoka kwenye maji tunayooshea mabomba. Juu ya shamba maji ni safi. Meneja alisoma karatasi, akakaa chini kwenye nyasi na suruali yake nzuri.

Kikao kilifanyika pale pale kwenye banio, kutwa nzima. Wafanyakazi tuliruhusiwa kusimama nyuma. Nilidhani mawakili watagombana kama kwenye redio. Hawakugombana. Wakili wetu (naona nimeandika wetu) alitoa sharti moja, nalo ni geni. Leo mtu yeyote asiseme maji ni ya nani. Aseme anayahitaji saa ngapi, ya kufanyia nini, na nini kitamuua akiyakosa.

Wa kwanza kusimama alikuwa Mama Nderingo. Asubuhi, alisema, kwa ng'ombe na maharage. Mwingine, alasiri. Meneja akasema maua hayahitaji maji siku nzima. Anayachukua siku nzima kwa sababu anaogopa kesho hayatakuwepo. Mzee Kaaya akacheka, mara ya kwanza. "Hata sisi ndicho tunachoogopa."

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama mtu anayeteremka mlima. Shamba litajenga tangi. Maji ya kuoshea mabomba yataingia kwenye shimo lililosakafiwa, hayatagusa mfereji. Kila mwezi chupa zitajazwa tena na mikono miwili. Na shamba litaingia kwenye zamu kama kaya moja, siku yake na saa yake, na litashiriki kusafisha mfereji kama kaya nyingine. Wametia sahihi. Wasiojua kuandika wametia dole gumba.

Hasara ya ng'ombe haijalipwa. Wakili alisema hakuweza kuthibitisha kwamba ni maji, akamwomba Mama radhi. Mama alisema asante. Hakuwa na maana ya asante.

Jumamosi, 5 Oktoba

Suluhu imevunjika.

Leo ilikuwa siku ya kusafisha mfereji. Kila kaya imeleta mtu na jembe. Zamu yangu ya mapumziko, nilikuwa nafua. Pikapu ya shamba ikaja. Hakushuka mtu mwenye jembe. Dereva alishusha kreti za soda, akampa Mzee Kaaya bahasha ya hela, akasema meneja anawasalimu na kuwashukuru kwa kazi. Akageuza gari.

Nilimwona Mzee Kaaya akiiweka bahasha kwenye nyasi taratibu, kama kitu kinachouma. Watu wote wakaacha majembe. Nikamuuliza Mama kuna nini. Akasema hapa anayetuma hela badala ya mtu amejitoa kwenye mfereji. Hela hutumwa na anayehama. Hata mgonjwa hutuma jirani amshikie jembe.

"Labda hajui," nikasema.

"Basi wakili wake amfundishe."

Soda zimebaki pale pale juani. Hata watoto hawakuzigusa. Vijana wamepanda kuliziba banio kwa mawe, upande unaoingia shambani. Jumatatu wazee wanakwenda mjini kwa wakili, safari hii kufungua kesi. Naogopa. Nimekaa na fulana iliyolowa mkononi sijui tangu lini.

Jumatatu, 7 Oktoba

Banio la shamba limezibwa. Mabanda ni moto kama tanuri. Mawaridi yameinamisha vichwa. Nyapara anazunguka anasema ovyo.

Wakili hakusubiri wazee wafike mjini. Alikuja mwenyewe, na yule mwembamba wa tai nyuma yake, safari hii bila tai. Alisimama mbele ya wazee akasema kosa ni lake. Alisema, "Kwetu Machame tuna mifereji. Nimekua nabebwa mgongoni mwa mama yangu siku za usafi. Jambo hili mtoto anajua, ndiyo maana sikulisema. Nilisahau kwamba kuna mtu mzima hapa ambaye hakukua nalo."

Meneja alikuwa amesimama pembeni. Alisema kule kwake ukimlipa mtu vizuri ndiyo heshima. Alidhani soda ni heshima.

"Soda haichimbi," akasema Mzee Kaaya.

"Nimeona."

Wengine walitaka kesi bado. Mzee alikuwa anakunakuna jeraha la nta kwenye kidole. Mwisho akasema kaya iliyokosa siku hupewa siku ya pili, mara moja tu, na wote watarudi kuishuhudia. Jumamosi. Shamba lije na mtu. Asipokuja, wakili afungue faili lake. Wakili akasema atalifungua. Sauti yake haikutetereka. Nilimwamini.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nyapara anatafuta watu wa kusimama mferejini kwa niaba ya shamba Jumamosi. Wameru wote wamekataa. Si kwa ubaya. Kila mmoja ana kaya yake ya kuisimamia, hawezi kusimama mara mbili. Amebaki na mimi, mimi na meneja.

Nyapara aliniambia kama anayeomba moto wa sigara. "Mgogo, wewe huna kwenu hapa. Utafaa."

Neno hilo limeniuma kutwa. Jioni limeacha kuuma. Kweli sina. Kweli nitafaa.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimeingia mferejini.

Maji ya mlima ni baridi ya ajabu. Yanapanda mifupani, unasahau jina lako. Tulipimiwa kipande chetu kwa fimbo ya Mzee Kaaya, kati ya kipande cha Mama Nderingo na cha mzee mwenyewe. Meneja alikunja suruali. Miguu yake imepauka kwa kuzoea soksi, vijana wakasema kitu kwa Kimeru, kila mtu akaangua kicheko. Aliuliza wamesema nini. Nikamwambia wamesema karibu.

Hawezi kushika jembe. Anapiga maji, tope linamrukia usoni. Mama Nderingo alimwangalia, akashindwa kuvumilia, akaja akamgeuza mikono. "Hivi. Usilipige. Livute, kama unavuta blanketi la mtoto." Akafanya hivyo. Tope likatoka.

Nami nilivuta. Majani yaliyooza, mawe, mfuko wa mbolea. Ukungu ulikuwa kifuani, sikuwaona watu, nilisikia majembe tu juu na chini ya mlima, yakijibizana. Kuna wakati nilidhani nimelala. Nilidhani niko kwetu, na huu ndio mchanga, na maji hatimaye yamekuja yote kwa mara moja.

Tulipomaliza Mzee Kaaya alipita akikagua. Alisimama kwenye chetu. Akasema kila kipande huitwa kwa jina la anayekisafisha, na shamba si jina la mtu. Akauliza kiitweje. Meneja akanyoosha kidole kwangu.

Kwa hiyo kipo. Kati ya kwa Mama Nderingo na kwa Kaaya, kwa Mgogo.

Wakili alikuwa ameketi kwenye jiwe, buti zimejaa maji. Aliweka faili ndani ya mkoba bila kulifungua, akaomba ndizi ya kuchoma.

Jumanne, 15 Oktoba

Zamu ya shamba ni Jumanne alasiri. Nimepewa kazi ya kufungua na kufunga. Nilikaa kwenye banio peke yangu, tangi jipya likijaa taratibu. Mawingu yalishuka hadi kwenye magoti yangu, yakapita.

Kivuli cha mlima kilipogusa jiwe la alama, nilifunga. Unaweka udongo wenye nyasi, unakandamiza na majani ya mgomba, unasimama juu yake hadi maji yakubali. Yalisita. Yakageuka. Yakaanza kuteremka kwa mtu mwingine, mama mmoja wa kule chini nisiyemjua sura.

Nilisubiri. Ni desturi, usiondoke hadi uambiwe. Ukungu ulirudi ukafunga kila kitu. Muda ukapita, kisha sauti ya mwanamke ikapanda kutoka chini, mbali sana, bila haraka.

"Yamefika."

Nikamwitikia. Nikachukua jembe.