Usiizime Kwanza

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Babu yako amerudi salama kutoka Mpwapwa na mbuzi wetu amezaa pacha, tunamshukuru Mungu. Lakini ujumbe wako umenifanya nishindwe kukaa. Kompyuta yangu ya zamani niliyokupa imekwama kujisasisha tangu asubuhi, ripoti yako ya chuo imo ndani, nawe unauliza kama uizime.

Nilipokuwa karani wa parokia, hiyohiyo ilikuwa ikijisasisha, kengele ya sala ya saa sita ikalia. Ofisini kwetu, kengele ikilia kila mashine huzimwa. Nikazima. Haikuwaka tena mpaka fundi alipoifuta yote, na majina ya watoto wa kipaimara yakapotea. Padre akatikisa kichwa: “Mama Karani, Mungu angekusubiri.” Nikazunguka nyumba kwa nyumba kuyaandika upya.

Basi itazame ile taa yake ndogo. Ikiwa inawaka na kuzimika, bado inafanya kazi. Bando likiisha usihofu, imeshapakua ilichotaka. Ondoka hapo, kafue nguo. Taa ikitulia saa nzima, nipigie kabla hujagusa swichi.

Kengele ya parokia inalia sasa hivi. Nakwenda kusali, ila simu siizimi.

Bibi yako anayekupenda