Mpira Wenye Dawa Ndani Yake

Jumatatu, 4 Agosti
Nimemwaga mfuko wa mkojo, nimefunga kikoi juu yake, nimeenda soko ya mbuzi. Hakuna aliyejua. Mtu mwingine akiwekwa mpira wa mkojo angelala akiita mama. Mimi nimeuza beberu mwenye jicho moja kwa mtu mwenye macho mawili.

Tezi dume ndiyo imeziba njia ya mkojo. Napasuliwa Jumanne ya wiki ijayo. Daktari amesema mkojo ukipata vidudu, hakuna kisu, nirudi nyumbani ningoje upya. Sitaki kungoja. Kisu naogopa, mpira nauchukia.

Halima, binti ya dada yangu, ni nesi. Ijumaa ananibadilishia. Mpira mpya uko kwa pakiti juu ya kabati. Si wa kawaida. Dawa ya kuua vidudu imechanganywa na plastiki yenyewe huko kiwandani, inatoka polepole, kidudu kikigusa kinakufa. Isiolo nzima sidhani mwingine ako nao.

Jumanne, 5 Agosti
Nimewaambia watu wa soko. Nimeongeza kidogo: nzi akipita karibu na huo mpira anaanguka.

Mwenda, yule muuza miraa, akasema, "Basi mzee Guyo, kaa kwa choo ya soko wiki moja, utusaidie."

Wamecheka sana. Wivu ni ugonjwa.

Jumatano, 6 Agosti
Nimefikiria. Mke wangu Habiba hufukiza kibuyu kwa makaa ndio maziwa yasiharibike. Moshi unaingia ndani ya kibuyu, unakaa, unalinda. Kumbe watu wa kiwanda wameiba akili yetu Waborana. Mpira ni kibuyu, dawa ni moshi.

Lakini moshi huisha. Kibuyu cha wiki jana lazima kifukizwe tena. Na huo mpira umekuja kwa meli, umekaa stoo, umekaa kabatini. Dawa gani imebaki?

Halima amesoma lakini hajawahi kukama ng'ombe.

Kesho Habiba anaenda harusi Burat.

Alhamisi, 7 Agosti
Habiba akatoka, nikafungua pakiti. Nikatia makaa ndani ya kibuyu, nikatikisa, nikamwaga, nikaingiza mpira kwa moshi, nikafunika. Utotoni huko Korbesa nilikuwa bingwa. Maziwa yangu yalivuka kiangazi kizima. Mzungu mmoja, daktari wa mifugo, alikunywa akalia.

Kaa moja halikutoka.

Mpira umejikunja kama pembe ya kondoo. Tundu limeziba. Nimeuvuta, ukakatika. Nimerudisha vipande kwa pakiti, nikabandika na selotepu. Habiba amerudi, amenusa kibuyu chake. Amekiweka kando. Hiyo ndiyo mbaya.

Ijumaa, 8 Agosti
Halima amekuja baada ya swala. Amevaa glavu, amefungua pakiti, ameangalia ndani.

"Mjomba, huu umechoma ama umekaanga?"

Nimesema ni panya.

"Panya alibandika selotepu?"

Habiba akaweka kibuyu mbele yangu. Nikasema yote. Halima alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka. Amesema hiyo akili ya kibuyu si mbaya, lakini pakiti ikishafunguliwa na mkono wangu wa mbuzi, mpira umekwisha hata bila moto. Na dawa ya ndani inasaidia tu. Kazi kubwa ni mikono safi, maji mengi, na mfuko ukae chini, mkojo usirudi juu.

Ule wenye dawa ulikuwa mmoja tu. Amenitia wa kawaida.

Mimi ni mjinga. Siandiki zaidi.

Jumapili, 10 Agosti
Nanawa. Sabuni imeisha, Habiba amenunua ingine. Shida ni soko. Bei tunaongea kwa vidole chini ya shuka, mkono ndani ya mkono, na hiyo mikono imetoka kwa matako ya mbuzi. Nimekataa. Nimetaja bei kwa mdomo, kila mtu akasikia. Sijawahi kuaibika hivyo.

Mwenda akapaza sauti. "Mzee, si mpira wako unaua kila kitu? Leta mkono."

Nimemwambia nakataa kwa faida yake. Nikimgusa ataanguka.

Jioni nimehisi baridi mwilini. Nimejifunika. Sijamwambia mtu.

Jumatatu, 11 Agosti
Niko wodini. Wamepima mkojo asubuhi. Nimengoja majibu nikiwa nimejifunika shuka mpaka kidevu, Habiba akanishika paji la uso akidhani naumwa.

Mkojo ni safi. Baridi ya jana ilikuwa woga.

Kesho mimi ndiye wa kwanza kupasuliwa. Kitanda cha pili yuko mzee wa Burat, shida yetu ni moja. Ameniuliza kama kisu kinauma. Nilikuwa na hadithi tayari, nzuri, iko na simba. Nikaangalia macho yake. Nimemwambia sijui.

Baadaye akanyoosha mkono arekebishe mpira wake. Nimemwambia angoje, twende tunawe kwanza. Tumeenda pole pole, kila mtu ameshika mfuko wake.