Waliyemzika Ana Uso Wangu

Jumapili, mwezi wa nane. Houston.

Mawingu yamekaa juu ya mji tangu alfajiri, mazito, rangi ya sufuria iliyoungua. Ngurumo zinasikika kwa mbali lakini mvua hainyeshi. Naandika kwenye kompyuta iliyowekwa mapokezi ya moteli kwa ajili ya wageni, na kila mlango unapofunguliwa nageuka.

Kesho naondoka. Nilipanga leo niwasimulie jinsi nilivyogusa jiwe la mwezini, maana kuna kituo cha safari za anga hapa na nilikuwa nimekiacha makusudi kiwe cha mwisho. Sikwenda. Sitaki kwenda tena.

Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: mimi ni Salome, mwalimu wa jiografia, Dodoma. Nimefundisha ramani ya dunia miaka mingi bila kuvuka hata Namanga. Safari hii nimekuja peke yangu kwa sababu kila niliyemwomba tuongozane alicheka. Nimeona maghorofa ya Dallas. Nimeona ng'ombe wa Fort Worth wenye pembe ndefu kama mikono iliyonyooshwa, wakipitishwa barabarani ili sisi wageni tupige picha. Nilifurahi sana. Sasa nikikumbuka, ni kama aliyefurahi ni mtu mwingine.

Nianze na Alhamisi.

Nilikuwa nimepanga chumba Grand Prairie, kati ya Dallas na Fort Worth, kwa sababu ni bei nafuu. Huko hakuna anayetembea kwa miguu. Unapita mtaa mzima wa maghala, jua linakupiga utosini, magari yanapita vioo vimefungwa, na hakuna mtu wa kumwambia hata habari za asubuhi. Siku kadhaa nilikuwa sijasalimiwa na mtu yeyote isipokuwa wauzaji. Asiyewahi kupitia hali hiyo hawezi kujua inavyomfanya mtu ajisikie mwepesi, kama hayupo kabisa.

Alhamisi hiyo gari moja lilipunguza mwendo kando yangu. Mwanamke mweusi aliyekuwa akiendesha alinitazama, akafunika mdomo kwa mkono, kisha akakanyaga mafuta hadi matairi yakalia.

Nilijiangalia nguo. Nilidhani nimechafuka.

Mbele kidogo nikakuta duka la vyakula vya kwetu. Nililijua kwa harufu kabla sijaona kibao: dagaa, mawese, unga wa muhogo. Niliingia nikiwa na furaha ya kitoto. Nilikuwa nimeinama kwenye rafu ya chini niliposikia mtu nyuma yangu akiita, "Furaha!"

Nikageuka.

Sijui kwa nini niligeuka. Sijawahi kuitwa hivyo maishani.

Aliyeita alikuwa mwenye duka, mama mnene wa Kikongo, kitambaa cha njano kichwani. Baadaye nilimjua kwa jina la Mama Jolie. Aliponiona usoni alirudi nyuma hadi mgongo ukagonga friji.

"Ni weye?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Hapana, mama. Mimi ni mgeni. Natoka Tanzania."

"Furaha, usinichezee." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Siye tulikuzika."

Mteja aliyekuwa kwenye foleni aliacha vitu vyake juu ya kaunta akatoka nje.

Nilimwonyesha pasipoti. Aliigusa kwa ncha ya kidole, akasoma jina langu, akanitazama tena, akasoma tena. Ndipo alipokaa chini na kunieleza. Furaha alikuwa akifanya kazi kwenye ghala la jirani. Mwaka jana alikuwa anaendesha gari kwenda Houston kumwona mama yake, akapata ajali njiani na kufa palepale. Kwa jinsi alivyoumia, sanduku halikufunguliwa. Mama yake alizika sanduku, hakuzika uso.

"Mpaka leo anasema si mtoto wake aliyekuwa mule," Mama Jolie alisema. "Anamungojea."

Aliniuliza ninaelekea wapi baada ya hapo. Nikamwambia Houston, na nikamtajia moteli. Laiti ningenyamaza.

Nikiri jambo. Alipoendelea kunitazama, kabla hajairudisha pasipoti, kwa kitambo kifupi nilitamani kumwambia ndiyo, ni mimi. Nilitamani anikumbatie. Nilikuwa mpweke kiasi hicho.

Ijumaa nilipanda basi kuja Houston. Tulikuwa tumeshatoka nje ya Dallas ndipo nilipokumbuka kwamba hii ndiyo barabara yenyewe. Saa nzima niliangalia kando ya lami, nikitafuta msalaba, maua, alama yoyote. Hakukuwa na kitu. Nyasi, mabango, ng'ombe mmojammoja. Na juu ya hayo yote, kwenye kioo cha dirisha, uso wangu ukikimbia sambamba na basi. Nikahamia kiti cha upande wa pili.

Jana, Jumamosi, niliamka nikijilazimisha kuwa mtalii. Nilikwenda katikati ya mji. Nilitegemea umati, nikakuta majengo marefu yenye vioo na barabara pana zisizo na mtu. Nilikuwa nimesoma kwamba chini ya majengo hayo kuna njia za ardhini, zenye maduka na migahawa, ambako watu wa ofisini hupita kukwepa joto. Nilipata ngazi iliyokuwa wazi nikashuka. Maduka yote yamefungwa, viti vimepinduliwa juu ya meza, taa zinawaka, baridi ya mashine inakwaruza koo. Nilitembea nikisikia viatu vyangu. Nikisimama, navyo vinasimama, lakini nilikuwa na hisia kwamba vinachelewa kidogo kusimama.

Nilipanda juu mbiombio kama niliyefukuzwa. Nacheka ninapoandika hapa, ila jana sikucheka.

Niliporudi moteli, mwanamume mmoja alikuwa ameegemea gari uani. Mrefu, fulana ya kazi, macho mekundu. Aliponiona hakusogea. Aligeuza uso pembeni, akavuta pumzi, ndipo akaniangalia.

"Vraiment, kweli kabisa," alisema. "Mama Jolie hakuongopa."

Huyo alikuwa Justin, kaka yake Furaha. Anaishi Missouri City, hapa pembeni mwa Houston, pamoja na mama yao. Alizungumza na mimi kwa heshima, akiwa amesimama mbali. Mama Jolie alishindwa kuzuia mdomo. Alimpigia simu mama yao na kumwambia amemwona Furaha kwa macho yake. Baadaye alijaribu kueleza kuhusu pasipoti, lakini mama hakutaka kusikia la pili.

"Toka siku ile hajalala," Justin alisema. "Amefagia chumba chake, amepika. Anasema mutoto yuko njiani. Dada, mi nakuomba. Nita-drive, nitakurudisha. Uje akuone, ajue si yeye."

"Na akiniona akazidi kuamini?"



"Sijui," akasema. "Lakini vile alivyo sasa, nitamupoteza naye."

Ningeweza kukataa. Mimi ni mgeni, sina undugu nao. Nilikuwa nimeshamuuliza kuhusu hilo: wao ni watu wa ng'ambo ya ziwa, wamepitia kambini Kigoma, na kwetu hakuna aliyewahi kufika mbali zaidi ya Tabora. Hakuna damu inayotuunganisha. Lakini nilifikiria yule mama akisikia kila gari linalopita. Nikakubali.

Aliniomba nikae kiti cha nyuma. Alisema hawezi kuendesha na uso huu pembeni yake.

Nyumba yao ni ya matofali, nyasi zimekatwa vizuri, imefanana na zote za mtaa ule. Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa amesimama ndani yake, mfupi, mwembamba, amevaa kama anayekwenda kanisani.

Hakupiga kelele. Hakulia. Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshinda ubishi.

"Niliwaambia," akasema.

Alinishika mkono akaniongoza ndani. Mkono wake ulikuwa mkavu na una nguvu. Mezani kulikuwa na ugali, samaki, sombe, yaani kisamvu chao, na sahani moja tu. Alinikalisha, akaninawisha, akakaa mbele yangu kunitazama nikila. Nilimwamkia "shikamoo mama", hakuitikia. Nilijaribu kusema jina langu, akaniwekea samaki mwingine.

"Mama," Justin alisema toka mlangoni, "uyu si Furaha. Tafazali."

"Nyamaza. Mi ndiye nilizaa huu uso."

Ukutani juu ya televisheni kulikuwa na picha. Nimejizuia kuandika kuhusu picha hiyo toka asubuhi. Ni mimi. Sisemi anafanana na mimi. Nimesimama kando ya gari jeupe, nimevaa koti zito, kuna theluji miguuni, nacheka. Sijawahi kugusa theluji maishani mwangu. Nilijitazama nikiwa nimefurahi mahali ambapo sijawahi kufika, na tonge nikalirudisha kwenye sahani.

Mama alikwenda chumbani akarudi na gauni la kitenge, la kijani, jipya kabisa. Alisema alimshonea kwa ajili ya harusi, akaliweka ili Furaha aje kulichukua mwenyewe siku ile ya ajali.

"Vaa."

Nilimwangalia Justin. Alikuwa ameinamisha kichwa. Nikaenda chumbani nikavaa. Jamani, mimi ni mrefu, mabega mapana, sijawahi kuvaa gauni la mtu mwingine likanikaa. Lile lilipita kichwani kama maji. Zipu ilipanda bila kukwama. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, shuka limekunjwa pembeni, tayari kwa mtu kulala. Niliogopa kioo, nikatoka bila kujiangalia.

Alinizunguka. Alivuta kola, akanyoosha mkono wa gauni. Kisha akasimama mbele yangu, karibu sana, akaniambia, "Sasa niite."

"Nikuite?"

"Niite. Vile unaniitaka siku zote."

"Mama," nikasema.

Akafumba macho. "Tena."

"Mama."

Alibaki vile kwa muda, kichwa amekiinamisha upande mmoja, kama mtu anayesikiliza chumba cha pili. Niliona mabega yake yakishuka polepole. Alipofumbua macho hakuniangalia usoni tena. Alitafuta kiti kwa mkono, akakaa.

"Uso ni wake," alisema. "Sauti si yake."



Halafu akaniuliza, kwa upole kabisa, "Unaitwa nani, mwanangu?"

"Salome."

"Salome. Enda uvue hiyo nguo. Ni ya muntu mwenye alikufa."

Justin aliteleza na ukuta hadi akakaa sakafuni. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alisikia neno hilo kwenye kinywa cha mama yake.

Nilivua, nikalikunja gauni nikaliweka kitandani. Nilipotoka, mama alinishika viganja vyote viwili.

"Mama yako yuko?"

"Yuko. Dodoma."

"Mupigie," akasema, akaniachia.

Tulikuwa tumefika kwenye gari kilio kilipoanza. Sitakieleza. Waliowahi kufiwa nyumbani wanakijua. Kilitoka katika nyumba ile kikapita juu ya nyasi zilizokatwa, na majirani upande wa pili wakafungua mlango, wakatazama, wakafunga. Justin alinikabidhi kwa jirani mmoja Mkenya, nesi, aliyekuja mbio na kanga begani. Dada huyo ndiye aliyenirudisha. Wala hakuniuliza kitu njiani. Kabla ya kurudi ndani, Justin aliniambia, "Aksanti, dada. Mungu akubariki." Kisha akaongeza, akiangalia chini, "Ukikuja tena Texas, usitutafute."

Sikukasirika. Hata mimi, ningekuwa wao, nisingetaka kuniona tena.

Leo asubuhi nilinunua kadi ya simu nikampigia mama. Dodoma ilikuwa jioni. Simu iliita, ikakatika, ikaita tena, kukawa na mwangwi ule wa simu za mbali, neno lako linakurudia kabla mwenzako hajajibu.

"Mama, ni mimi."

Kimya.

"Mama? Ni mimi, Salome."

"Salome yupi?"

"Mama! Mwanao."

Alichelewa. Najua ni laini. Najua sauti inavuka bahari, inachelewa. Hatimaye akasema, taratibu, kama anayezungumza na mtu asiyemwamini: "Mbona sauti yako imebadilika?"

Nilimwambia ni simu tu. Tukaongea habari za kuku, za mjomba, za umeme kukatika. Alicheka mara moja. Lakini hadi kadi inakwisha hakuniita kwa jina.

Nimeamua. Nikitua Dar sitalala mjini, wala sitamwambia mtu nimefika. Nitapanda basi la asubuhi moja kwa moja hadi Dodoma. Nitamkuta uani, nitasimama mbele yake, karibu sana, na sitasema neno lolote mpaka aniite yeye kwanza.