Kwa Baba, na mto wa kijani wa kiti cha mbele

Ni mwaka mmoja sasa tangu uliposhuka, Baba, ukauacha mto wako wa kijani kwenye kiti cha mbele.

Mama ndiye aliyesema tangazo hili la kumbukumbu niandike mimi. Kazi kama hii angepewa Dada, lakini Dada amechoka, Mama amechoka, na mimi kitinda mimba ndiye niliyekutwa nimekaa karibu na kalamu. Mama alinionya mapema: "Andika kama watu wanavyoandika. Usituletee mizaha yako gazetini." Nikajaribu. Nikaandika kwamba ulitutoka ghafla. Mama akasoma, akanirudishia karatasi. "Baba yenu hajawahi kufanya kitu ghafla. Kufunga kamba za viatu tu, chai inapoa." Nikafuta. Kwa hiyo wasomaji watatuvumilia.

Kwanza tuseme hili, maana tumechoka kulijibu. Hukuanguka na ndege. Mwaka mzima watu wanatushika mkono, wanainamisha kichwa, wanauliza polepole, "Poleni sana. Ilianguka wapi?" Haikuanguka popote. Iko bandani, imefunikwa turubai, haina hata mchubuko. Kilichosimama ni moyo wako, ukiwa umekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya banda, kazi imekwisha, kikombe cha chai mkononi. Hata chai hukuimwaga. Fundi wako wa ndege alikitoa kikombe kwenye vidole vyako kikiwa bado kimejaa, na mpaka leo haruhusu mtu akitumie.

Kwa wasioijua ndege yako, ni ya kufundishia marubani, kuukuu, imetengenezwa kabla Babu hajaoa. Ina mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine kama vitanda vya bweni. Imevikwa kitambaa, haina paa, na viti ni viwili tu: cha mbele cha mwalimu, cha nyuma cha mwanafunzi. Mnaongea kwa bomba la mpira kama watoto wanaocheza simu. Mama aliiita "mke mwenzangu". Ukirudi jioni unanuka mafuta ya injini, alikutazama kuanzia viatu hadi kofia, akasema, "Naona leo ulikuwa kwake."

"Alikuwa na kikohozi kidogo," ulijibu, kwa sauti ya kusikika mtaa wa tatu.

Sauti hiyo, Baba. Injini ilikuharibu masikio, nawe ukadhani sisi pia ni viziwi. Siri za nyumba hii majirani walizijua kabla yetu. Siku hizi jirani wa mkono wa kulia akikutana nami getini ananiuliza, "Vipi, mbona siku hizi hamna habari?" Kweli hatuna.

Jumamosi na Jumapili zilikuwa za waonjaji. Ndivyo tulivyowaita watu waliokuja kuonja kuruka mara moja tu, kwa zawadi ya siku ya kuzaliwa au ya kustaafu, kisha warudi kwenye maisha yao. Mimi niliwafunga mikanda na kuwapa mfuko wa kutapikia, nikiwaapia kwamba ni wa kuwekea miwani. Wewe hukumcheka mtu. Yule mwalimu mkuu mstaafu alisali kwenye bomba tangu magurudumu yalipoacha ardhi, na kila alipovuta pumzi ulimwitikia "Amina," mpaka akatulia mwenyewe. Na yule bibi aliyeletwa na wajukuu zake? Mmetua, nimeshaanza kumfungua mkanda, akasema, "Samahani mwanangu, twende tena. Nilikuwa nimefumba macho." Ukamrudisha juu bila kumdai chochote. Nilikusikia ukimwambia, "Safari hii, mama, fumbua moja kwanza."

Jioni za waonjaji ulirudi umechoka, unakula kimya, mkono mmoja bado umekunjwa kama umeshika usukani.

Siku za katikati ya juma zilikuwa za wanafunzi, na hapo ndipo lilipo jambo lililotuchosha mwaka huu.

Ulikuwa mfupi, Baba. Tusifichane. Hata kwenye picha iliyo juu ya tangazo hili umesimama kwenye kreti la soda. Ili uone nje ukiwa kiti cha mbele ulihitaji mto, na Mama alikushonea mmoja kwa pazia la kijani lililobaki. Kiwanja kizima cha ndege kilijua maana ya mto ule. Mwanafunzi akiwa bado, mto uko chini yako. Siku ukimwona ameiva, hukumtangazia. Mlitua, ukamwambia asizime injini. Ukafungua mkanda, ukachukua mto, ukaifunga vizuri mikanda ya kiti kitupu ili isinase kwenye usukani, ukashuka, ukaenda zako majanini na mto kwapani, bila kugeuka nyuma. Hotuba hakuna. Mwanafunzi anabaki na kiti kitupu mbele yake, ajue mwenyewe.

Wote waliorudi walisema jambo lile lile: ndege ilikuwa nyepesi ajabu, ilipanda kabla hawajaiambia, na wakati wa kushuka haikutaka. Wewe ulikuwa na jibu moja tu. "Mimi ni mfupi. Sikusema ni mwepesi."

Dada alijifunza kwako akitoka kazini duka la dawa. Wenzake alioanza nao uliwaachia ndege mmoja baada ya mwingine, hata yule kinyozi aliyekuwa anachanganya kushoto na kulia. Kwa Dada ulikuwa na sababu. Leo upepo unavuma kutoka ubavuni. Leo jua limekaa vibaya. Leo kunguru ni wengi. Wiki ijayo.

"Ningekuwa mtoto wa watu ungekuwa umeshashuka," alikuambia mezani.

"Ungekuwa mtoto wa watu ningekuwa nimeshakufukuza. Nipe chumvi."

Tulicheka. Wewe ulicheka kuliko sisi, na chumvi ukazidisha.

Somo lenu la mwisho lilikuwa wiki ile ile uliyotuacha. Dada amelisimulia mara moja tu, akiosha vyombo, ametugeuzia mgongo. Mlitua vizuri. Ukamwambia asizime injini. Ukafungua mkanda, ukasimama. Kutoka kiti cha nyuma akauona mkono wako ukiushika mto, ukauinua. Ukaukung'uta vumbi. Kisha ukaurudisha pale pale, ukaukalia, na bomba likasema, "Tuzunguke mara moja nyingine." Mkazunguka. Mkatua, injini ikazimwa, ukashuka, mto ukabaki kitini.

Basi hiyo ndiyo kazi aliyokuwa nayo Dada mwaka mzima. Unamkuta anapiga pasi, ghafla anasimama na pasi hewani. "Aliona nini? Nilikosea wapi?" Tulimwambia hukuona kitu. Haamini. Anasema Baba hakuwa mtu wa kubadili nia bila sababu, na hilo ni kweli. Wewe ulikuwa unakagua hata tairi za baiskeli ya jirani kabla hajaipanda.

Sisi wengine tulichoka kwa mengine. Fundi aliendelea kuja kuizungusha propela kwa mkono ili injini isikae kavu, hana wa kumtania. Akaja bwana mmoja mwenye hoteli, ameshika futi ya kupimia, anataka kuinunua ndege aitundike darini, wageni wale chakula chini yake. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akampa na maji ya kunywa. "Mke mwenzangu haning'inizwi," akamwambia. Bwana yule aliondoka hajaelewa ameongea na watu wa namna gani.

Halafu akaja Twiga. Wasomaji, Twiga ni mwanafunzi wake wa zamani ambaye sasa naye ni mwalimu wa marubani, na jina hilo hatukumwonea. Alijitolea kuendelea na Dada. Siku ya kwanza alipanda kiti cha mbele, akaukuta mto, akaukalia. Kichwa chote kikatokeza juu ya kioo cha upepo, hadi shingo.

"Toa mto huo, kaka," Fundi akamwambia. "Utakula wadudu mpaka ushibe."

"Nikiutoa nitakuwa nimesema neno," Twiga akajibu. "Na neno lenyewe si langu."

Akaruka hivyo miezi, Baba. Anashuka uso mwekundu kwa upepo, anatema mbawa za wadudu, anasema somo lilikuwa zuri. Mwishowe alitufuata nyumbani, akakaa sebuleni magoti yakiwa usawa wa masikio. "Mama, huyu sina tena cha kumfundisha. Alishaiva zamani. Lakini mto ule siwezi kuugusa."

"Kama Baba hakuutoa, alikuwa na sababu yake," Dada akasema. "Nami sitaki kuhurumiwa."

Mama alikuwa anachambua mboga. Alichambua hata zile nzuri akazitupa.

Jumamosi iliyopita asubuhi Mama alivaa viatu vyake vya safari, akasema anakwenda kumwona mke mwenzake. Unajua mwenyewe, miaka yote hiyo hakuwahi kuvuka geti la kiwanja. Chakula chako alikuwa anamwachia mlinzi. Tulifika Dada na Twiga wanatua, ndege imesimama, injini inanguruma. Fundi alimshika Mama mkono, akampitisha nyuma, mbali na propela, mpaka kwenye bawa la chini.

"Shuka, mwanangu," Mama akamwambia Twiga. Twiga akashuka taratibu, kama ngazi inayokunjwa.

Mama akapanda juu ya bawa, gauni limejaa upepo, nami nimemshika kisigino asipeperuke. Akauchukua mto. Kisha akamgeukia Dada, akapaza sauti kuishinda injini. Nilijua siku ile kwamba hukuwa peke yako mwenye sauti kwenye nyumba yetu.

"Siku yako ya kwanza ya chekechea, baba yako alikaa nje ya geti mpaka kengele ya kurudi nyumbani. Kazini hakwenda. Mlinzi alimletea benchi. Sasa niambie, ni wewe uliyekuwa hujaiva?"

Dada aliishusha miwani ya upepo machoni, na nadhani alifanya haraka kuliko kawaida.

Mama akaifunga mikanda ya kiti cha mbele kama anayefunga mzigo wa safari ndefu. Fundi akaikagua, akaona hakuna cha kuongeza. Mama akashuka, akaenda majanini na mto kwapani. Hakugeuka. Nani alimfundisha, sijui. Labda ulikuwa ukimsimulia, na kwa sauti yako ile hata asingetaka angesikia.

Aliuweka mto majanini, akaukalia, akafumba macho. Injini ikapandisha sauti, ndege ikapita mbele yetu, ikaacha ardhi upesi mno. Twiga alisimama mikono kichwani. Fundi alikuwa anakifuta kikombe ambacho hakina kitu.

"Amepanda?" Mama akauliza.

"Amepanda."

"Ameshuka?"

"Bado, Mama. Fumbua moja kwanza."

Akafumbua moja. Akaitazama ndege mpaka ilipozunguka mwisho wa kiwanja, ndogo kama nzi, na kiti cha mbele kitupu. Kisha akafumbua la pili.

Dada aligusa chini, akaruka, akagusa, akaruka kidogo, akagusa akabaki. Fundi akasema wewe ungesema ametua mara tatu, umdai mara moja. Ndege ikaja mpaka kwetu, injini ikazimwa, naye akabaki amekaa. Hatukupiga makofi. Nguvu za makofi hatukuwa nazo. Nilipanda kumfungua mkanda kama nilivyowafungua waonjaji wote, na mikono yake ilikuwa baridi.

"Ilikuwa nyepesi mno," akaniambia. "Nikawa nangoja uzito wake mpaka nimetua."

Tulikunywa chai nje ya banda, kila mtu kwa kikombe chake, kile kimoja kikiwa rafuni. Tulikaa muda mrefu. Mtu akichoka hivi, kukaa tu ni kazi, na kazi ile tuliifanya pamoja.

Huyo ndiye Dada, Baba. Bado ana masomo kabla hajaruhusiwa kubeba mtu. Waonjaji wameanza kuulizia, naye anawaambia wangoje. Haulizi tena ulichokiona. Pasi sasa inafika mwisho wa shati.

Mto Mama amekataa kuurudisha. Ameuweka kwenye kiti chake mezani, amekuwa mrefu kutupita, anatutazama kwa juu tukila. Jana, wakati naandika haya, alinipigia kelele kutoka jikoni. "Muulize dada yako, akiruhusiwa, ataanza na nani."

Nikamuuliza. Dada akasema hajui, labda na Fundi.

"Mwambie ataanza na mimi," Mama akasema. "Nitakaa mbele. Mto ninao."

Unakumbukwa na mke wako, ambaye anataka kwenda kuona ulichokuwa ukikiona. Na mke mwenzake, aliye bandani na injini yenye afya. Na Dada, rubani. Na Fundi, mtunza kikombe. Na Twiga, ambaye sasa anakaa chini ya kioo na hatemi kitu. Na wanafunzi wote uliowaachia ndege ukaenda zako majanini bila kugeuka. Na mimi kitinda mimba, mfunga mikanda.

Daima tutakukumbuka, Baba. Wiki hii, na wiki ijayo.